Mbio za Jumapili kwa Baba Mkwe

Pikipiki sizipendi. Nalisema hilo mapema nisije nikadhaniwa shabiki. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na kanzu, na pikipiki kwangu ni kitu kinachopita mbele ya duka na kutimua vumbi likatua juu ya kitambaa cheupe nilichokwisha kukipiga pasi. Hata hivyo, kwa karibu msimu mzima, kila Jumapili mchana nilikaa sebuleni kwa baba mkwe wangu, Mnarani, nikitazama wanaume waliovaa ngozi mwili mzima wakizunguka njia ileile mpaka mtangazaji akakaukwa na sauti. Na aliyekuwa akilipia matangazo hayo mtandaoni, mwezi baada ya mwezi, nilikuwa mimi.

Yote yalianzia kwenye macho ya mzee. Baba mkwe alikuwa bwana mifugo wa serikali, na maisha yake ya kazi yote aliyapitisha juu ya pikipiki, akichanja ng'ombe na mbuzi Ganze, Bamba na Vitengeni. Wafugaji wa huko waliujua mlio wake, wakiusikia tu wanaanza kufunga ng'ombe kamba. Alipostaafu alijinunulia pikipiki yake mwenyewe. Nyumba aliijenga Mnarani, karibu na barabara kuu, lakini shamba aliliacha Vitengeni, na tangu mama mkwe alipofariki ikawa kila Jumapili anapanda pikipiki, anavuka daraja la Kilifi, anakwenda kuangalia mihogo na mikorosho yake, kisha anarudi jua likianza kupoa. Daraja lile lina malori ya mawe na mabasi ya Malindi yanayokwenda kama yanafukuzwa. Mtu mwenye macho yake mawili mazima hulivuka akisoma dua.

Na mzee, kwa maoni ya mke wangu, hakuwa na macho mawili mazima. Alimimina chai nje ya kikombe akakilaumu kikombe. Aliligonga lango lake mwenyewe kwa gurudumu la mbele, akasema mafundi waliolipaka rangi wamelisogeza. Siku moja alimwamkia shikamoo kijana anayeuza maji kwa mkokoteni, na kijana wa watu akaacha mkokoteni pale pale akakimbia, maana hakujua amekosa nini mpaka mzee wa umri ule amwamkie yeye. Sisi tulicheka. Mke wangu hakucheka.

"Baba haoni," aliniambia tulipofika kwetu.

"Anaona kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo ndiyo ya kuvukia daraja?"

Alimwomba aende kliniki ya macho. Mzee akasema macho yake yanaijua njia. Alimwomba tena siku ya Idi, mbele ya shangazi zake, na mzee akasema kuwa tangu lini mtoto wa kike akampangia mzazi wake safari. Mke wangu akaacha kuomba. Kila Jumapili asubuhi tulikwenda langoni kwa mzee kumuaga, tukampungia mkono akiondoka, lakini kuanzia alasiri mke wangu alikuwa hafanyi kazi yoyote. Alikaa barazani kwetu, huku huku Mnarani, simu mkononi, mpaka asikie ule mlio ukiteremka kutoka darajani, ndipo ainuke akapike. Nilikuwa namwona na moyo unaniuma, nami sikuwa na la kufanya.

Wengine watauliza kwa nini sikuchukua ufunguo wa pikipiki nikautia mfukoni, mwanamume mzima. Hao hawajapata kuoa pwani. Huku kwetu mkwe ni mkwe. Mbele ya baba mkwe hunyooshi miguu, hupandishi sauti, humtazami usoni muda mrefu, na la muhimu kuliko yote, humbishii. Akisema leo Ijumaa, basi ni Ijumaa mpaka atakapoondoka chumbani, ndipo Jumanne irudi. Mimi nimezaliwa Malindi mjini, mke wangu ni Mgiriama wa Vitengeni, na mambo mengi ya harusi yetu yalituchukua muda kuyapatanisha, lakini hili la mkwe halikuwa na mjadala. Pande zote mbili zililijua tangu tumboni. Nilikuwa nimeoa zaidi ya miaka kumi, na maneno niliyopata kumwambia mzee karibu yote yalikuwa shikamoo na ndiyo baba.

Kwa hiyo mke wangu akatafuta njia ya pembeni. Alikuwa amegundua kwamba baba yake, pamoja na ukali wake wote, alizipenda mbio za pikipiki za ng'ambo, zile za barabara ya lami. Zamani alizitazama kwenye televisheni ya klabu ya wafanyakazi wa serikali. Na mbio hizo, kwa saa za kwetu, nyingi huwa Jumapili mchana. Mke wangu akalipigia hesabu jambo hilo, akaja nalo dukani huku uso umemng'aa.

"Tumlipie azione moja kwa moja nyumbani. Akizitazama hatakwenda shamba."

Nikasema sawa. Kujisajili kulinitoa jasho kuliko kushona koti. Mtandao ulitaka kadi, nikatengeneza ile ya kwenye simu. Ukataka neno la siri, nikaweka, ukasema ni dhaifu. Ukataka nithibitishe kwamba mimi ni binadamu kwa kuchagua picha zenye pikipiki, na mimi nikachagua hata baiskeli. Mwishowe ukakubali. Tukaiunganisha simu yangu na televisheni ya mzee, bando nikanunua la kutosha, na Jumapili ya kwanza mzee akaketi, akaegemea, akasikiliza injini zile zinavyolia, uso wake ukalegea. Kwa kweli nilifurahi. Sikuwa nimepata kumfurahisha kwa jambo lolote kabla ya hapo, ukiacha mahari.

Jumapili hiyo hakwenda Vitengeni. Wala ya pili yake. Mke wangu akaanza kupika mapema na kuimba jikoni. Wiki ya tatu nikiwa dukani kwangu, Kilifi mjini, Jumamosi asubuhi, nikasikia mlio ninaoujua, nikainua kichwa, na huyo mzee anapita kuelekea barabara ya Ganze, mgongo wima, kofia ngumu kichwani. Alikuwa amehamisha safari. Jumapili mbio, Jumamosi shamba, na bili ya matangazo kwangu.

Hatukuweza kusitisha, maana tungemwambia nini? Tukaendelea. Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipoanza. Mzee alikuwa na kiti chake, karibu na dirisha la nyuma, mbali na televisheni. Alisema hapo kuna upepo. Akiwa pale, katikati ya mbio, huinua kidole akasema, "Ngojeni. Huyu wa pili hafiki mbali, ataanguka." Sisi hukodoa macho. Haupiti muda, yule wa pili anateleza kwenye kona, pikipiki inakwenda zake na yeye anakwenda zake. Mara nyingine husema, "Sasa wa mbele atapitwa," na kweli anapitwa. Si mara moja wala mbili. Karibu kila Jumapili alipata moja au zaidi.

Mimi niliamini. Nilisema mtu aliyepanda pikipiki miaka yote ile anaujua udhaifu wa mpandaji kama mimi ninavyoujua mshono utakaofumuka. Niliwahadithia wateja dukani. Mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua sare akaniambia mzee huyo afungue ofisi ya ubashiri. Hata mke wangu aliyumba. Alijaribu tena kumtajia kliniki, na safari hii baba yake hakukasirika hata. Alicheka.

"Mwanangu, asiyeona anaweza kuyajua haya?"

Jumamosi zikaendelea, na mke wangu akarudi kukaa barazani na simu.

Nyuma ya nyumba ya mzee, dirisha kwa dirisha, alipanga jirani mtu wa bara, msimamizi wa kiwanda kidogo cha matofali. Mkewe na watoto wako kwao, yeye yuko peke yake, mpole, Jumapili akitoka kanisani hajulikani amekwenda wapi mpaka usikie televisheni yake. Jumapili moja mke wangu alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akampakulia sahani, akampelekea mwenyewe. Alikaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa amebadilika uso. Alitoa vyombo, akaosha, akamuaga baba yake kwa heshima zote. Tulipokuwa njiani kwenda kwetu ndipo aliposimama.

"Jirani ana dishi."

"Nalijua dishi lake."

"Na yeye anatazama mbio hizo hizo. Lakini zake ziko mbele ya zetu."

Sikuelewa. Akanieleza polepole kama anayemfundisha mtoto. Matangazo ya dishi yanawahi kufika. Yetu ya mtandaoni yanachelewa, labda kwa muda wa mtu kukunja shati. Alipokuwa mlangoni kwa jirani na sahani mkononi, mpandaji mmoja alianguka kwenye televisheni ile, jirani akapiga ukelele, "Ameanguka wa tatu!" Na hapo hapo, kupitia dirishani, mke wangu akamsikia baba yake upande wa pili akituambia sisi, "Ngojeni, wa tatu huyu ataanguka." Kisha akatusikia sisi tukishangilia.

"Labda amebahatisha," nikasema.

"Msimu mzima?"

"Sasa tufanyeje? Twende tukamwambie mzee wewe mwongo?"

"Si uongo. Anaogopa kunyang'anywa pikipiki." Machozi yalikuwa yamemlenga. "Unajua maana yake? Haioni hata hiyo tivi. Na Jumamosi atavuka daraja."

Niliahidi tutatafuta namna ya kulisema. Nilikuwa naomba namna hiyo ijitafute yenyewe, bila mimi.

Mwisho wa mwezi ule jirani alikwenda likizo kwao. Mlango ulitiwa kufuli, dirisha likafungwa. Jumapili hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na mtandao ulikuwa wa kusuasua. Tulikuwa wawili tu sebuleni, mimi na mzee. Mke wangu alikuwa jikoni. Mzee hakutabiri chochote. Alikaa kwenye kiti chake cha dirishani akasema leo mbio zimepoa. Nikasema zimepoa kweli. Kisha ghafla picha ikaganda. Sauti iliendelea, mtangazaji anapayuka kwa Kiingereza, injini zinalia, lakini kwenye kioo alibaki mpandaji mmoja aliyevaa kijani, amesimama tuli katika njia iliyonyooka. Aliganda hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba nilipata nafasi ya kuuchunguza mshono wa begani kwake. Ulikuwa mshono mzuri, wa nyuzi mbili.

Nilingoja mzee alalamike. Mtu yeyote angelalamika.

"Tazama huyo alivyolala kwenye kona," akasema mzee. "Goti linafagia lami."

Wallahi sikujua la kusema. Mdomo ulijua.

"Linafagia kweli, baba."

"Na wa nyuma anamjia."

"Anamjia, baba."

"Hawa vijana hawaogopi."

"Hawaogopi kabisa."

Nilihisi mtu mlangoni. Mke wangu alikuwa amesimama na sinia la chai na mahamri. Alikitazama kioo, akamtazama baba yake, akanitazama mimi, na mimi ndiye niliyetazamwa muda mrefu zaidi. Sijawahi kutazamwa vile tangu siku niliyokata kitambaa cha bibi harusi kinyume. Akaweka sinia mezani. Akachukua rimoti, akaiondoa sauti.

Ilibaki mvua kwenye mabati.

"Umezima ya nini?" mzee akauliza.

"Nimezima sauti tu, baba. Nani yuko mbele?"

Mzee akaupapasa mkono wa kiti. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aligeuza uso kunielekea, ila uso haukufika kwangu, ulikwenda kwenye kalenda iliyotundikwa kando yangu, akaiambia kalenda.

"Mkwe, nani yuko mbele?"

Adabu yangu yote ilifika mwisho pale. Nilikuwa tayari kukubali lolote atakalosema, kama nilivyokubali siku zote, lakini hakuwa amesema lolote la kukubali. Alikuwa ameuliza. Tangu nimuoe binti yake hakuwa amepata kuniuliza kitu ambacho jibu lake hakuwa nalo yeye.

"Sijui, baba," nikasema. "Picha imeganda."

"Imeganda sasa hivi?"

"Imeganda kitambo."

Akafikiri. "Kabla sijasema goti, au baada?"

"Kabla, baba."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya ng'ombe aliyetarajiwa kufa. Mke wangu alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Nilidhani atasema neno, ya moyoni yamwagike yote, lakini alikwenda akachukua kikombe, akakitia mkononi mwa baba yake, akavifunga vidole vya mzee kwenye sikio la kikombe. Mzee alimwacha afanye hivyo. Akanywa. Akasema sukari imezidi, na kwa mara ya kwanza mke wangu akacheka ndani ya nyumba ile huku analia.

Jumamosi iliyofuata niliweka cherehani kimya, nikasikiliza barabara. Pikipiki zilipita nyingi, yake haikupita. Jumatatu alimwita binti yake akamuuliza kliniki ya macho ni siku gani. Alisema vile kama ni kliniki ya mtu mwingine.

Tulikwenda watatu. Kutoka kwenye tuktuk mpaka mlangoni mzee aliweka mkono begani kwangu. Siku ya harusi yangu, nisingeweza kufikiri kwamba mkono ule utakuja kutua kwenye bega langu, na nilitembea nimejikaza kama nimebeba sinia la mayai. Daktari alikuwa binti mdogo, sauti ya taratibu, akimwita "mzee wangu". Alimulika, akapima, akamulika tena. Jicho la kulia, alisema, lina mtoto wa jicho, litapasuliwa na litaona. La kushoto limeharibiwa na presha ya jicho, nalo limeshakwenda, haliwezi kurudishwa.

"Lingewahiwa lingepona?" mke wangu akauliza.

Daktari alijibu kwa adabu kwamba mambo hayo ni vizuri kuwahiwa. Mke wangu akaangalia sakafu. Mzee yeye aliuliza swali moja tu.

"Nikishapona jicho hili, nitapanda pikipiki?"

Daktari akasema tungoje kwanza jicho lipone, halafu watapima tena, wataona. Ndiyo kauli iliyomnyima mke wangu usingizi. Tulipofika kwetu akaketi kitandani na buibui lake, hakulivua.

"Tunamtengeneza ili arudi darajani," akasema. "Na jicho moja. Afadhali alipokuwa haoni, ningeweza kumshinda siku moja. Akiona hatashindwa na mtu."

Nilimwambia asiseme hivyo. Lakini moyoni niliona amesema kweli. Mzee mwenyewe aliingia kwenye upasuaji akiwa mchangamfu, akimwambia muuguzi habari za dume moja la Bamba lililomrusha juu ya ua. Pikipiki ilikuwa chini ya kibanda uani, imefunikwa turubai, na alikuwa ameagiza isiondolewe pale.

Bandeji ilitolewa, matone ya dawa yakaisha, na ile miwani nyeusi aliyopewa akaruhusiwa kuivua ndani ya nyumba. Jumapili hiyo kulikuwa na mbio. Mtandao ulikuwa mzuri, jirani amerudi, na ukelele wake ulifika kama kawaida kabla ya picha zetu, ila sasa mzee hakuwa kando ya dirisha. Alikuwa amekisogeza kiti mbele, karibu kabisa na kioo, shingo ameinyoosha.

"Wadogo mno hawa," akasema baada ya muda. "Mimi nilidhani ni wakubwa."

"Ni wadogo kweli, baba," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli, maana wengi wao ni watu wembamba, hata kitambaa cha suti zao ni kidogo.

"Na wanazunguka tu. Hawana waendako." Alionekana kuvunjika moyo. Mtu aliyekwenda Bamba na dawa za ng'ombe mgongoni hakuona faida ya kurudi pale pale alipoanzia.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Mikono ilikuwa kwenye ungo, masikio yalikuwa kwa baba yake. Sote tulikuwa tunangoja aitaje pikipiki. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa uani, amepanda juu ya ukuta wa choo cha zamani, anatishia kuruka.

Mzee aliiacha televisheni akanigeukia. Uso ulifika kwangu moja kwa moja. Nikateremsha macho kama ipasavyo.

"Mkwe, hebu inua kichwa."

Nikainua. Alinitazama kwa lile jicho moja, kwa utulivu, kuanzia kidevuni mpaka juu. Ni mwanzo wangu kutazamwa naye hivyo, na sikujua mikono niiweke wapi.

"Kumbe una mvi," akasema.

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu la adabu, kwamba zimetoka juzijuzi tu. Nilimwona mke wangu ameacha kuchambua.

"Ziko siku nyingi, baba," nikasema. "Zilianza kabla huyu mdogo hajasimama dede."

Mzee akatazama uani. Mtoto aliruka kutoka ukutani, akatua, akainuka, akaanza kupanda tena. Ni mtoto mrefu, anasoma mwenyewe, shati la shule nimemshonea mara tatu. Mzee alimtazama mpaka akafika juu. Kwa jirani pakatokea ukelele, na baada ya muda mpandaji mmoja kwenye televisheni yetu akaanguka, na hakuna aliyemwangalia.

"Miaka yote hiyo," mzee akasema, "nikitoka na pikipiki, ninyi mnakuja kuniaga."

"Ndiyo, baba."

"Langoni pale."

"Ndiyo, baba."

"Mnanipungia mkono."

Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya ungo. Nilitaka kumwambia mzee kwamba tulikuwa tunamheshimu, na kwamba yeye mwenyewe asingekubali, na kwamba binti yake hakupata kula mpaka asikie mlio wake. Yote yalikuwa kweli.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Akaondoa jicho kwangu, akalirudisha uani, akawa anatazama kule kwenye kibanda.

"Iondoeni," akasema, na hakuna aliyemuuliza nini.